Mezani na Wasiotupa Karata

Keti kwenye meza ya dola 4 na 8 katika jumba lolote la karata la Los Angeles, usiku wa Ijumaa. Watu tisa wameizunguka, na sita wamelipa dola 4 ili waone karata za mezani. Mmoja amelipa kwa sababu karata zake mbili ni za kopa. Mwingine ana ree na kikaratasi kingine asichokijali. Wa tatu amechoka tu kutupa. Hao ndio wachezaji walegevu: huingia na karata nyingi mno, na wakishaingia hawatoki. Mwongozo huu ni wako wewe unayekaa nao ukiwa na mkono unaongoja, yaani karata nne za aina moja ukitafuta ya tano ili ukamilishe flashi, au nne zinazofuatana ukitafuta ya kukamilisha streti.

Mchezo ni Texas Hold'em ya dau lenye kikomo. Kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha mezani hufunguliwa tatu kwa mpigo, ndiyo flopu, halafu ya nne, halafu ya tano, na kila hatua ina duru yake ya madau. Kikomo maana yake huweki kiasi unachotaka. Kwenye meza ya 4 na 8, dau kabla ya flopu na kwenye flopu ni dola 4. Kwenye karata ya nne na ya tano ni dola 8. Na anayepandisha hupandisha kwa kiasi hicho hicho. Nyumba nyingi huruhusu dau moja na kupandisha mara tatu katika duru, nyingine mara nne. Uliza kabla hujanunua chipu.

California ndiko meza hizi zilikoota mizizi. Kwa miongo mingi majumba ya Gardena na vitongoji vya jirani yaliruhusiwa poka ya kubadilisha karata tu, mpaka 1987 Texas Hold'em ilipopata ruhusa na meza za kikomo zikajaa. Mwaka 2003 Chris Moneymaker alipotwaa ubingwa wa dunia Las Vegas, na televisheni ikauonyesha ulimwengu, vijana wengi walikimbilia mchezo usio na kikomo, ule wa kusukuma chipu zote katikati. Kwa maoni yangu walikimbia pesa rahisi. Kwenye kikomo hakuna wa kukusukuma.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kwenye mchezo usio na kikomo, mwenye jozi nzuri anaweza kukutoza bei kubwa kiasi kwamba kungojea kopa yako kunakuwa ujinga. Kwenye kikomo, kitita kikiwa na dola 40, silaha yake kubwa ni dola 4. Hawezi kukufukuza. Lakini na wewe huwezi kumfukuza yeye. Mkono unaongoja una njia mbili za kuleta pesa: wenzako watupe karata, au karata yako ianguke. Mbele ya walegevu njia ya kwanza imefungwa, na wengi wanaopoteza kwenye meza hizi ni wale wanaoendelea kuigonga. Imebaki ya pili, na hiyo ina maswali mawili tu: bei ni ngapi, na karata ikianguka, je, kweli utashinda?

Karata za kuingia nazo

Watu sita wakiingia kila mkono, karata zinazopendeza macho siyo zinazolipa. Mfalme na jeki za aina tofauti zikifanikiwa, mara nyingi zinapata jozi moja, na jozi moja mbele ya watu watano wasiotupa ni kitu dhaifu. Zinazopanda thamani ni karata zenye uwezo wa kuwa kitu kikubwa: ree pamoja na karata yoyote ya aina yake, jozi ndogo, na karata zinazofuatana za aina moja, kama jeki na kumi za pau au tisa na nane za uru. Zikifuatana bila kuwa za aina moja, tupa. Anayesema "lakini zinafuatana" amesahau kwamba nusu ya faida imeondoka.

Matumaini yasizidi hesabu. Karata mbili za aina moja hukupa flashi kamili kwenye flopu chini ya mara moja kwa mia. Hukupa nne za aina moja, yaani mkono wa kungoja, takriban mara 11 kwa mia. Jozi ya mkononi hupata mwenzake wa tatu kwenye flopu takriban mara 12 kwa mia, ambayo ni bei ya 7.5 kwa 1. Kwa hiyo mara nyingi utalipa dola 4, utatazama, utatupa. Malipo hayo yana maana ikiwa waliolipa ni wengi na bei ni ndogo, na ndiyo sababu viti vilivyo karibu na kitufe cha mgawaji ni vitamu: unapofikiwa, unajua tayari wameingia wangapi.

Akiwepo mtu anayepandisha kila mkono mpaka dola 12 au 16 kabla ya flopu, mambo yanageuka. Bei ya kuingilia imepanda mara tatu au nne, ilhali madau ya mbele yamebaki yale yale 4 na 8. Jozi ya nne, au saba na sita za pau, inakuwa anasa usiyoweza kuimudu, isipokuwa kama umati mzima unalipa pamoja naye.

Bei

Flopu imefunguliwa na una kopa nne. Karata 47 hujaziona. Tisa ni kopa, 38 si kopa. Uwezekano wa kukosa kwenye karata ijayo ni 38 kwa 9, yaani 4.2 kwa 1. Streti iliyo wazi pande zote mbili ina karata nane za kuikamilisha: 4.9 kwa 1. Streti yenye pengo katikati ina nne tu: 10.75 kwa 1. Baada ya karata ya nne kufunguliwa zimebaki 46, na namba zinasogea kidogo: 4.1, 4.75 na 10.5. Zikariri. Sehemu kubwa ya usiku hutahitaji nyingine.

Upande wa pili wa mizani ni kitita, na hapa ushauri wangu ni kukihesabu kwa madau badala ya dola. Kabla ya flopu, kila anayelipa ni dau moja dogo: watu sita, madau sita. Kwenye flopu endelea kuongeza. Karata ya nne ikifunguliwa, gawa kwa mbili, kwa sababu dau sasa ni kubwa maradufu. Hesabu hiyo hufanyika huku ukitazama nyuso za watu, na mgawaji hakusubiri.

Tufuate mkono mmoja. Sita wameingia: madau sita. Kwenye flopu mmoja anaweka, watatu wanafuata, zamu ni yako na wewe ni wa mwisho. Kitita kina madau kumi, na wewe unaombwa moja. Bei ni 10 kwa 1. Flashi inahitaji 4.2, streti ya wazi inahitaji 4.9, hakuna cha kufikiri. Hata ile yenye pengo, inayohitaji 10.75, inaweza kulipwa, kwa kuwa ikianguka watu hawa watakupa madau mengine makubwa. Unalipa, kitita kinakuwa madau 11. Karata ya nne inakuja, haikufai. Gawa kwa mbili: madau makubwa matano na nusu. Mmoja anaweka, wawili wanafuata, na kitita sasa ni 8.5. Flashi na streti ya wazi bado zinalipa bila wasiwasi. Ya pengo inahitaji 10.5, kwa hiyo pungufu ni madau mawili, dola 16, na itabidi uyapate kwenye karata ya tano ikianguka. Watu wawili wakikulipa dau moja moja umerudisha pesa yako, hukupata faida. Hapo ndipo wengi wanapovuja: wanaona kitita kikubwa, wanasema "ya mwisho tu", usiku kucha.

Usisahau makato. Nyumba za California hukata kiasi maalumu kwa kila mkono badala ya asilimia, na kwenye meza ndogo kiasi hicho kinauma. Toa dau moja dogo kwenye hesabu yako ya kitita kabla hujaamua, na maamuzi ya kubahatisha yatajipambanua yenyewe.

Tisa ambazo si tisa

Swali la pili ndilo linalotenganisha mchezaji na mkariri namba. Walegevu wengi kwenye mkono mmoja maana yake ni kwamba karata nyingi zimeshikwa, na ile inayokukamilisha wewe inaweza kumkamilisha mwingine zaidi.

Umeshika tisa na nane za shupaza. Flopu ni saba ya kopa, sita ya kopa, mbili ya pau. Una karata nane za kukamilisha: kumi nne na tano nne. Lakini kumi ya kopa na tano ya kopa zinaleta kopa ya tatu mezani, na kati ya watu watano ni kawaida kuwepo mwenye kopa mbili. Hesabu sita: 41 kwa 6, yaani 6.8 kwa 1. Bado unaweza kulipa kwenye kitita kikubwa, ila siyo mkono ule uliodhani.

Kibaya zaidi ni streti ya upande wa chini. Una saba na sita, mezani kuna nane, tisa na malkia. Tano ni nzuri. Kumi inakukamilisha pia, lakini yeyote mwenye jeki amekwisha kukupita, na walegevu hushika jeki kama wanavyoshika ree, kwa kila kisingizio. Karata za kumi zihesabu nusu, au usizihesabu.

Mezani pakiwa na jozi, tuseme tisa mbili na nne, flashi yako inaweza kuanguka na ukakuta mtu ameshika tatu na mbili, yaani karata tatu za namba moja na jozi pembeni. Kwa watu wawili hatari hiyo ni ndogo. Kwa watu sita, mtu mwenye tisa yupo mara nyingi kuliko unavyopenda, na akipandisha huku mezani pana jozi, amini. Na kama flopu ni ya aina moja tupu, kopa tatu, na wewe unangoja streti bila kopa yoyote, weka karata chini uagize chai.

Sasa ile ree. Flashi yenye ree haishindwi na flashi nyingine, kwa hiyo pesa zote za wenye flashi ndogo ni zako. Ukiwa na sita na nne za kopa, wewe ndiye mwenye flashi ndogo. Hii haimaanishi utupe kwenye flopu ukipewa bei ya 10 kwa 1. Huo ni woga, na kikomo kinalinda hata hasara yako, kwa kuwa atakayekushinda atakutoza madau mawili matatu tu. Maana yake ni kwamba ufuate kimyakimya na usikuze kitita wewe mwenyewe.

Upo pia msaada mdogo usioonekana. Ukiwa na karata tatu za aina moja kwenye flopu na unahitaji mbili mfululizo, uwezekano ni takriban 4 kwa mia. Hautoshi kulipia dau peke yake. Ukijumlishwa na kitu kingine, kwa mfano streti yenye pengo, ni sawa na kuongeza karata moja na nusu kwenye hesabu, na hiyo mara nyingi hugeuza "tupa" kuwa "fuata".

Kosa la mmoja, faida ya nani?

Wenye jozi nzuri hulalamika kwenye meza za walegevu. "Nina ree na mfalme, kila mtu anafuata, nashindwa na takataka." Huwa tunawacheka, lakini malalamiko yao yana ukweli wa kihesabu, ule ambao wachezaji huuita nadharia ya Morton, kutokana na Andy Morton aliyeueleza. Kwenye kitita chenye watu wengi, anayefuata kimakosa hampi pesa anayeongoza peke yake. Sehemu huenda kwa anayengoja. Wakati mwingine huenda yote kwake, pamoja na senti za anayeongoza.

Chukua mfano. Karata nne ziko mezani: mfalme wa shupaza, nane ya kopa, tatu ya kopa, mbili ya uru. Mtu wa kwanza ana ree na mfalme za pau. Anaongoza na anaweka dau. Wewe una ree na jeki za kopa, unafuata. Wa tatu ana tisa na nane za pau, jozi ya katikati. Kitita kina dola 64 na yeye anatakiwa kulipa dola 8. Karata zisizojulikana ni 42. Wewe unashinda kwa kopa tisa. Yeye anashinda kwa nne tu: nane mbili zilizobaki, na tisa ya shupaza na ya uru, maana tisa ya kopa ni yako. Zilizobaki 29 ni za mwenye ree na mfalme.

Mlegevu akifuata, kwa wastani anapoteza dola 1.14. Wewe unaongeza dola 1.71. Na mwenye ree na mfalme? Badala ya kufaidi, amepungukiwa senti 57, kwa sababu zile karata nne zingekuwa zake kama mlegevu angetupa. Wewe peke yako ndiye uliyekula kosa, na ukala na kijiko cha anayeongoza juu yake.

Ukishaielewa picha hiyo, tabia yako mezani inabadilika yenyewe. Humkemei mlegevu aliyefuata na jozi ya katikati. Humfundishi. Humwambii mgawaji kwamba mkono ule ulikuwa wa kutupa. Nimeona watu wazima, wenye miaka kwenye mchezo, wakimweleza mgeni kwa upole kwa nini hakupaswa kufuata, na mgeni akasikiliza. Ni hasara ya hiari.

Kupandisha, na kiti

Kama umati ndio unaolipa, kazi yako ni kuukuza ukiwa na sehemu kubwa kuliko mchango wako. Kopa nne kwenye flopu hukamilika kufikia karata ya tano takriban mara 35 kwa mia. Kila dola 4 ya ziada unayoweka, wakikufuata watatu, inatengeneza dola 16, na sehemu yako ni dola 5.60. Wakikufuata wawili, dola 12 zinakupa 4.20, faida nyembamba inayoliwa na zile mara chache unapokamilisha na bado ukashindwa. Akikufuata mmoja, unaweka 4 upate 2.80. Kwa hiyo: watatu au zaidi, pandisha, hasa ukiwa na ree. Wawili, si lazima. Mmoja asiyetupa, usipandishe kwa ajili ya thamani. Ukiwa na flashi na streti ya wazi kwa pamoja, karata 15, unakamilisha mara 54 kwa mia. Pandisha hata mbele ya mmoja.

Kwenye karata ya nne, breki. Sasa umebakiwa na nafasi moja, chini kidogo ya mara 20 kwa mia. Dola 8 zako na za watu watatu ni 32, sehemu yako ni kama 6.26. Hata wakikufuata wanne hujarudisha kamili. Inahitaji watano, na watano kwenye karata ya nne ni nadra hata California. Fuata tu. Zile karata 15 ndizo zinazoruhusu kupandisha hapa, ukiwa na wafuasi watatu.

Nani yuko wapi ni muhimu kama una nini. Tuseme aliyepandisha kabla ya flopu amekaa kushoto kwako, anacheza mara baada yako. Kwenye flopu watu humpisha yeye, yaani hawaweki dau ili aweke yeye, kwa mazoea. Na wewe pisha. Yeye anaweka, duru inazunguka, wanne wanafuata, na wewe unafikiwa wa mwisho ukiona kila kitu. Hapo ndipo pa kupandisha: wameshaweka dola 4 kila mmoja, na mlegevu aliyeweka 4 haachi 4 nyingine.

Akiwa kulia kwako, mambo ni kinyume. Anaweka, wewe ndiye wa kwanza kufuata, na walio nyuma yako hawajasema kitu. Ukipandisha, wanakabiliwa na dola 8 kwa mpigo, na hata mlegevu hutafakari kidogo. Unawafukuza watu unaowahitaji. Fuata kwa dola 4, uwaache waingie. Watu wengi wenye hesabu nzuri za karata hawajawahi kufikiri upande aliko mwekaji; wanapandisha kwa sababu mkono ni wa kupandisha, kisha wanashangaa kubaki wawili.

Kuna sababu nyingine ya kupandisha kwenye flopu ukiwa wa mwisho: kununua karata ya bure. Umelipa dola 4 zaidi; kwenye karata ya nne wote wanakupisha kwa heshima, nawe unapisha, na umeokoa dola 8. Kwa walegevu wapole hufanya kazi vizuri. Kwa mkorofi anayependa kupandisha tena, utalipa zaidi na karata ya bure hutaiona. Mjue ni yupi kabla.

Lakini usichanganye hayo na kutishia. Vitabu vingi vya poka husifu kuweka dau na mkono unaongoja ukitarajia wote watatupa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta walitangaza kwamba programu yao, Cepheus, imefumbua kivitendo Texas Hold'em ya kikomo ya watu wawili, na programu hiyo hutishia. Ni kweli, na ni mchezo wa wawili. Mbele ya watu wanne ambao hawajawahi kutupa jozi, dau la kutishia ni zawadi. Kitabu kinachofaa zaidi kwa meza hizi, *Small Stakes Hold'em* cha Ed Miller, David Sklansky na Mason Malmuth, kilitoka 2004 na kinapigania kitu kingine: ukali pale penye sehemu kubwa ya kitita. Ukali huo ndio niliouhesabia hapo juu.

Karata ya tano

Umekosa. Tupa. Ukiwa na mtu mmoja tu mbele yako na kitita cha madau makubwa kumi, kutishia kunahitaji kufanikiwa mara moja kati ya kumi na moja, na kuna wakati inafaa, kama yeye naye alikuwa anangoja. Wakiwa wawili au watatu, weka chipu zako mfukoni.

Umepata. Weka dau mwenyewe. Usipishe ukitumaini mtu ataweka ili upandishe. Mlegevu hupenda kufuata kuliko kuweka, akiona kopa ya tatu atapisha kwa furaha, na madau matatu yatakuwa yamekupita. Ukiwa na ree, pandisha na upandishe tena mpaka kikomo kiishe. Ukiwa na flashi ndogo, na mmoja ameweka na mwingine amepandisha kabla ya kukufikia, fuata tu. Kutupa kwa ajili ya dola 16 kwenye kitita cha dola 120 ni kosa kubwa kuliko kulipa na kushindwa.

Pesa za kukalia

Flashi inayongojwa kutoka kwenye flopu hukosa mara 65 kwa mia, na kukosa hakuji kwa zamu. Unaweza kucheza sawasawa usiku mzima ukatoka mikono mitupu, na wiki inayofuata vilevile. Kanuni ya zamani ya wachezaji wa kikomo ni akiba ya madau makubwa 300. Kwa meza ya 4 na 8 ni dola 2,400, na ziwe pesa zilizotengwa kwa mchezo, siyo kodi ya nyumba wala ada ya mtoto. Huna hizo, kaa kwenye meza ya 2 na 4, au usikae.

Halafu angalia saa. Ikikaribia usiku wa manane walegevu wawili wataondoka, na kwenye viti vyao watakaa watu wanaovaa kofia na kuhesabu chipu kwa makundi ya ishirini. Wanaoona flopu watashuka kutoka sita hadi watatu, na mmoja wao atapandisha kabla yako. Hesabu za kitita nilizokupa hapo juu zilitegemea wale sita. Tisa na nane za uru ulizozilipia saa tatu usiku bila kufikiri, sasa zitupe. Jozi ndogo nayo iende. Mfalme na jeki, ulizozidharau, zimeanza kuwa karata za kucheza. Ukiona huna hamu ya kubadili mchezo wako saa hizo, omba kuhamia meza nyingine. Sikiliza kwanza ni ipi yenye kicheko.